Mashine ya 200, Soketi ya 13

Kwenye maduka ya vifaa Kariakoo, mashine ndogo za kuchomelea za MIG hupangwa rafuni kwa namba. Ya 160 iko chini, ya 200 juu yake, ya 250 juu kabisa, na bei hupanda pamoja nazo. Mnunuzi akiuliza tofauti yake hujibiwa kwa neno moja: nguvu. Kisha muuzaji huchukua mojawapo, huchomeka plagi ya pini tatu kwenye soketi ile ile anayochajia simu yake, huvuta kifyatuo, cheche zinaruka, mteja anaridhika. Swali lililo wazi kabisa haliulizwi: ikiwa zote tatu zinakunywa kwenye soketi moja, ile ya 250 inaupata wapi umeme ambao ya 160 haiupati?

Haiupati. Kwa kazi ya mfululizo kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani, mashine hizo tatu karibu zinalingana. Namba ya ubavuni inaeleza ampea ambazo mashine ingeweza kutoa kama ingelishwa ikashiba, na ukuta wa nyumba haujawahi kumshibisha mlaji wa namna hiyo. Anayenunua kwa kusoma namba ya ubavuni analipia nguvu ambayo sehemu yake kubwa itabaki ndani ya boksi. Hasara hiyo ni ndogo. Kubwa zaidi ni kwamba MIG, kuliko njia nyingine za kuchomelea, inajua kuuficha upungufu wa umeme mpaka chuma kiachie.

Tuanze na ukuta. Tanzania, Kenya na Uganda tulirithi kwa Waingereza plagi ya pini tatu bapa, ambayo kiwango chake kilitangazwa Uingereza mwaka 1947, na ndani yake kuna fyuzi isiyozidi 13 A. Zidisha 13 kwa volti 230 upate 2,990. Kenya, ambako umeme wa majumbani huhesabiwa kuwa 240 V, utapata 3,120. Bujumbura na Lubumbashi, kwenye plagi za pini za duara walizoachiwa na Wabelgiji, kiasi ni 16 A, kwa hiyo wenzetu wana ziada kidogo. Kwa vyovyote, kiasi chote kinachoruhusiwa kupita kwenye tundu moja ni takriban wati 3,000, na hicho ndicho kiasi cha birika kubwa la umeme. Mbele ya soketi, birika na mashine ya MIG ni wateja wa daraja moja.

Sasa tuje upande wa pili, kwenye mwali unaowaka kati ya waya na chuma. Kiwango cha kimataifa cha mashine za kuchomelea, IEC 60974, kina kanuni nyepesi ya kukadiria volti za mwali wa MIG wakati wa kupima mashine: chukua 14, ongeza 0.05 kwa kila ampea. Ampea 100 zinahitaji volti 19, yaani wati 1,900. Ampea 200 zinahitaji volti 24, yaani wati 4,800. Ampea 250 zinahitaji volti 26.5, yaani wati 6,625. Yatazame mahesabu hayo yakiwa bado yako uchi, kabla hatujagusa hasara yoyote. Hata kama angetokea mtu wa kutengeneza mashine isiyopoteza wati moja, ampea 200 mfululizo kutoka kwenye soketi yenye wati 2,990 ni sawa na kutaka debe moja la maji lijaze pipa.

Hasara nazo zipo, na ziko za aina mbili. Ya kwanza kila fundi anaijua kwa kuigusa mashine: joto. Mashine nzuri ya inveta hufikisha kwenye mwali kama asilimia 80 hadi 85 ya nishati inayoingia. Kilichobaki hupulizwa nje na feni. Ya pili haionekani wala haina joto pale mashineni, na ndiyo inayowapiga chenga hata mafundi umeme. Inveta ya bei nafuu hainywi umeme kwa utulivu kama pasi au birika. Hunywa kwa mafunda makubwa ya haraka, kila wimbi la umeme linapofika kileleni, kisha hutulia kusubiri wimbi linalofuata. Mita ya LUKU huhesabu nishati iliyotumika, kwa hiyo mafunda hayo hayaongezi bili. Lakini waya, fyuzi na breka huona ampea halisi zinazopita, na kwao mafunda ni mzigo. Mashine ya namna hiyo hutumia vizuri takriban asilimia 70 tu ya ampea inazovuta.

Weka hasara zote mbili kwenye hesabu. Wati 2,990, mara 0.7, mara 0.82, zinabaki kama 1,700 kwenye mwali. Rudi kwenye kanuni ya volti utafute ni ampea ngapi zinazolingana na wati hizo: 92. Tuseme 90, tusibishane kwa mbili. Hiyo ndiyo nguvu ya mfululizo ya soketi ya 13 A kwa mashine ya MIG ya kawaida, iwe ubavuni imeandikwa 160, 200 au 250.

Zipo mashine zenye sakiti ya ziada ya kulainisha unywaji huo, nazo hutumia karibu umeme wote zinaouvuta. Kwenye soketi hiyo hiyo zinaweza kufika 125 A au karibu na hapo. Ni ghali zaidi, na rafuni mara nyingi hubeba namba ndogo kuliko jirani zake za bei nafuu. Ndiyo maana haziuziki. Mteja anayetafuta namba kubwa hawezi kuchagua ya 160 ghali akaacha ya 250 rahisi, ingawa nyumbani kwake ile ya 160 ndiyo ingeshinda.

Hapa niwaseme kidogo Wamarekani, maana sehemu kubwa ya ushauri wa mashine hizi unaotufikia kwa video umetoka kwao. Soketi ya kawaida ya nyumba ya Marekani ni 120 V, yenye breka ya 15 au 20 A, yaani wati 1,800 au 2,400. Mashine zao nyingi za 120 V zinazobeba namba 140 ukizisoma vizuri zimepimwa kwa 90 A, tena kwa dakika mbili kati ya kumi. Ndiyo maana kila mwalimu wa huko humwambia mwanafunzi wake ahamie 240 V, ambayo majumbani kwao ipo kwa ajili ya jiko na mashine ya kukausha nguo. Mtazamaji wa Mwanza au Nakuru husikia hayo akajisifu kimoyomoyo kwamba yeye tayari yuko kwenye 230, kwa hiyo ana nguvu mara mbili ya Mmarekani. Sivyo. Soketi yake ya 13 A inaizidi soketi ya 20 A ya Mmarekani kwa robo tu. Mmarekani anapohamia 240 V anahamia pia kwenye soketi ya 30 au 50 A, na hizo ampea ndizo zinazoleta tofauti. Volti peke yake ni nusu ya habari.

Mtu atauliza: mbona basi mashine ya 200 huwashwa dukani kwenye soketi na ikawaka kweli, tena kwa ukali? Inawaka kwa sababu ya muda. Nyuma ya kila mashine ya heshima kuna kibao cha namba. Tafuta herufi X. Hiyo ni asilimia ya muda ambao mashine inaweza kuwaka ndani ya kila dakika kumi bila kuungua. X ya asilimia 20 kwenye 200 A maana yake ni dakika mbili za moto na nane za kupumzika. Kwenye kibao hicho utakuta pia namba mbili za ampea za kuingia: kubwa, inayoitwa I1max, na ndogo, I1eff. Ile kubwa ndiyo mashine inayovuta kweli ikiwa inatoa nguvu yake yote. Kwa mashine ya 200 yenye unywaji wa mafunda huwa kama 36 A. Ile ndogo ni wastani wa joto ambalo nyaya zitalihisi ukihesabu na mapumziko. Kwa asilimia 20 inakuwa 16 A. Namba hizo mbili ni za kweli, na kila moja ina kazi yake. Tatizo huanza muuzaji anaponukuu ile ndogo kueleza umeme unaohitajika, na ile kubwa ya 200 kueleza nguvu inayotoka, kana kwamba zinatokea kwa wakati mmoja.

Fyuzi na breka nazo zina uvumilivu wake. Fyuzi ya 13 A inaweza kubeba 20 A kwa muda mrefu kabla ya kukatika. Breka ya 20 A haishuki papo hapo ikiona 36 A; hungoja joto lijikusanye kwanza. Kwa hiyo majaribio ya dukani ya sekunde kumi hayathibitishi lolote. Ukiwa nyumbani, dakika ya kwanza itapita, fyuzi itakatika, na hapo ndipo watu wengi hufanya kosa linalounguza nyumba: wanaweka kipande cha waya wa shaba mahali pa fyuzi. Fyuzi ikishatolewa, kinachofuata kwa udhaifu ni pini za plagi na vibano vya soketi. Nimeshika plagi iliyolainika kama ubani, mwenyewe akiamini kwamba amenunua plagi feki. Plagi ilikuwa nzima. Ilibebeshwa mzigo wa plagi tatu.

Hilo la asilimia ya X lina mkia wake katika mazingira yetu. Kiwango cha IEC hupima mashine kwenye hewa ya nyuzi joto 40. Linasikika kama joto kubwa, hadi ukae saa nane mchana chini ya banda la mabati Buguruni mwezi wa Februari, kando ya chuma kilichokwisha kupata moto. Mashine yenye asilimia 20 kwenye kibao hapo haitaifikia, na vumbi la grenda likishaziba mapezi ya kupozea ndani, itashuka zaidi. Taa ya manjano itawaka, mashine itagoma, fundi atasema imeharibika. Ataiacha ipumzike, itaamka, na atasema imepona.

Kwa anayetaka kujua mashine yake inaweza kuwaka mfululizo kwa ampea ngapi, hesabu ipo na ni fupi: chukua ampea za kibaoni uzidishe kwa kipeuo cha pili cha X. Ampea 200 kwa asilimia 20 zinaleta 89. Ona jinsi zinavyokaribiana na zile 90 tulizozipata ukutani. Haijatokea kwa bahati. Watengenezaji wanaijua soketi watakayokutana nayo, na hakuna faida ya kuweka shaba na vipoozeo vya kubeba 200 A mfululizo ndani ya mashine itakayoishi kwenye 13 A.

Kuna jambo jingine la muda ambalo sijawahi kulisikia likisemwa dukani. Fundi wa kuchomelea kwa vijiti hupumzika bila kujua. Kijiti cha 2.5 mm huisha baada ya kama dakika moja. Atatupa kipisi, atachukua kingine, atagonga mavi ya chuma, atapiga brashi. Mashine nayo inapumua. MIG haina kituo hicho. Waya uko kwenye roli, gesi iko kwenye mtungi, na kidole kikiwa kwenye kifyatuo mshono unaendelea hadi mita nzima. Kwa hiyo kikomo ambacho mtu wa vijiti anaweza kuishi nacho miaka kumi bila kukigusa, mtu wa MIG hukutana nacho siku ya kwanza aliyopata kazi ndefu.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba ukutani kuna volti 230 kweli. Wanaoishi mwisho wa laini wanajua habari ya umeme mdogo: jioni taa zinafifia, friji inaunguruma bila kuwaka. Ongeza hapo ekstensheni ya fundi, ambayo ndiyo adui ninayemchukia kuliko wote katika habari hii. Waya wa shaba wa 1.5 mm², urefu wa mita 30, una ukinzani wa takriban 0.7 Ω ukihesabu kwenda na kurudi. Ukipitisha 25 A utapoteza volti 17 na nusu njiani, na zaidi ya wati 400 zinageuka joto ndani ya mpira wa waya. Ukiwa bado umeviringishwa kwenye gurudumu lake, joto hilo halina pa kwenda. Waya wa 1 mm², ambao ndio hujaa kwenye ekstensheni za kununua mtaani, hupoteza volti 26. Wa 4 mm² hupoteza zisizofika 7. Na hizo ni hesabu za shaba halisi. Nyaya nyingi za bei rahisi ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na zina ukinzani mkubwa zaidi.

Mashine za zamani za transfoma zikipata umeme mdogo zilidhoofika tu, mwali ukawa mvivu, na fundi alijua. Inveta ina akili zaidi, na akili hiyo inaleta balaa. Ikiona volti zimeshuka huvuta ampea zaidi ili kufidia. Mzigo uliokuwa 17 A kwenye 230 V unakuwa 21 A kwenye 190 V. Ampea zaidi zinaleta upotevu zaidi kwenye waya, volti zinashuka tena, inveta inavuta tena, hadi ama breka ishuke ama mashine ijizime. Jenereta ndogo ya 2.5 kVA hucheza mchezo huo huo, kwa sababu ni soketi dhaifu kuliko ya ukutani. Kwa 90 A za kuaminika usishuke chini ya 4 au 5 kVA.

Sasa tufike kwenye chuma chenyewe.

Kwenye MIG ya kawaida, ampea hazina kitufe chake. Unachopanga ni volti na mwendo wa waya, na ampea hufuata mwendo. Waya wa 0.8 mm kwa 90 A hutoka kama mita 4.6 kwa dakika. Sasa umeme ukipungua, mota ya kusukuma waya, ambayo inahitaji umeme kidogo sana, huendelea na kazi yake kama kawaida. Waya unazidi kuja. Moto wa kuuyeyusha na kuyeyusha chuma kilicho chini haupo. Mafundi husema waya unasukuma, maana wanauhisi ukigonga mkononi. Hapo angalau kuna dalili. Hatari zaidi ni pale upungufu unapokuwa wa wastani: moto unatosha kuyeyusha waya lakini hautoshi kuyeyusha chuma. Waya unalala juu ya chuma kama nta ya mshumaa iliyomwagika mezani, unatulia, unang'aa, unajipanga kwa mawimbi mazuri kabisa. Kwa macho, huo ni mshono wa fundi bora.

Niliwahi kukaa kwenye kibanda cha fundi mmoja wakati mteja aliporudisha ndoano ya trela iliyochomelewa juma moja kabla. Chuma cha milimita 8, mshono mzuri wa kupigia picha. Ulikuwa umebanduka mzima mzima, na chini yake bado ilionekana mistari ya grenda, haijaguswa na moto. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni akingoja baiskeli yake aliutazama akasema, "Fundi, huu haukushika, ulikuwa umelala tu." Sijasikia maelezo bora zaidi ya hayo.

Kwa nini MIG ndogo hulala hivyo? Inasaidia kukumbuka ilikotoka. Njia hii ilitengenezwa mwaka 1948 katika taasisi ya Battelle, Ohio, kwa ajili ya aluminiamu, na ilitumia gesi ya bei ghali na ampea nyingi. Mwaka 1953 Warusi wawili, Lyubavskii na Novoshilov, walionyesha kwamba kaboni dayoksaidi, gesi rahisi, inatosha kwa chuma cha kawaida. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ndipo ikaja mbinu ya waya mwembamba na volti ndogo, ambapo ncha ya waya hugusa chuma, hukatika, hugusa tena, makumi ya mara kila sekunde, na kila mguso huacha tone. Mlio ule wa mafuta yanayokaanga samaki ndio huo. Mbinu hiyo ina joto dogo, na ilibuniwa kwa makusudi iwe na joto dogo, ili bati jembamba lisitoboke. Mashine ya nyumbani ni mtoto wa mbinu hiyo. Kuna mtindo mwingine, wa matone madogo yanayonyunyizwa bila waya kugusa chuma, wenye kupenya sana. Lakini kwa waya wa 0.8 mm unahitaji gesi yenye argoni nyingi na takriban 150 A kwenda juu. Soketi ya 13 A haiufikii kwa kazi ya kudumu, na ukitumia kaboni dayoksaidi tupu hauupati kabisa hata uwe na umeme wa kiwanda.

Wanaosimamia majengo ya chuma wanalijua hilo. Kanuni za Marekani za kuchomelea majengo, AWS D1.1, zina orodha ya njia zinazokubalika bila majaribio ya awali. MIG ya kunyunyiza imo. MIG ya kugusa haimo. Anayeitaka athibitishe kwanza kwa kupasua na kupinda vipande.

Linganisha na kijiti kwa umeme ule ule wa ukutani. Mwali wa kijiti hutaka volti zaidi, kwa hiyo soketi ya 13 A huupa ampea chache, kama 75. Ukiangalia ampea tu utasema MIG imeshinda. Lakini wati zao zinakaribiana, kama 1,700 kila upande, na mwendo wa mkono ni tofauti. Fundi wa MIG hutembea labda milimita 5 kwa sekunde. Wa kijiti cha 2.5 mm labda 3. Kila milimita ya mshono wa MIG inapata kama jouli 340, ya kijiti kama 570. Ndiyo sababu mashine ndogo ya vijiti huunganisha chuma kinene kwa uhakika zaidi kuliko MIG inayokula umeme sawa nayo. MIG ni ya haraka na safi, na uharaka huo kwenye chuma kinene ndio udhaifu wake.

Je, 90 A zinatosha kwa kazi gani? Kanuni ya mkono inasema kila milimita ya unene inataka kama 40 A kwa mshono wa pasi moja. Bomba za mraba za geji 18 na geji 16, yaani 1.2 na 1.5 mm, ambazo ndizo mageti na madirisha mengi ya Afrika Mashariki, zinataka 50 hadi 60 A. Hapo mashine ndogo ni mfalme: haitoboi, haina mavi ya kugonga, na mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha VETA wa miezi mitatu anaweza kutoa kazi ya kuuza. Bati la ubavu wa daladala, kiti cha bustani, toroli, fremu ya kitanda, karia ya bodaboda, vyote vimo. Milimita 3 ndiyo ukingo. Unaifikia kwa vipande vifupi vya 120 A na mapumziko. Milimita 5 inawezekana ukichonga kingo kwa grenda, ukapasha chuma moto kwanza, ukapita mara mbili tatu. Ndoano ya kuvutia, chesesi, winchi, ngazi ya ghorofani, tangi la hewa ya msukumo: hapana. Boksi litakwambia inafaa hadi milimita 6 au 8. Boksi halipandi ngazi hiyo.

Gesi inaweza kusogeza mpaka kidogo. Kaboni dayoksaidi tupu hupenya kuliko mchanganyiko wa argoni, ingawa hurusha cheche zaidi na hutaka volti moja au mbili juu, na volti hizo nazo zinatoka kwenye kapu lile lile la wati 1,700. Kwetu ni gesi ya ardhini hasa: Tanzania huchimbwa Rungwe, Mbeya, chini ya milima ya volkano, na Kenya huchimbwa Kereita, kaunti ya Kiambu. Waya wenye dawa ndani, usiohitaji mtungi, hupenya vizuri zaidi kwa ampea hizo hizo na haujali upepo wa pwani. Masharti yake ni mawili. Lazima ugeuze nyaya ndani ya mashine, bunduki iende kwenye hasi, jambo ambalo wengi hawalifanyi na kisha huulaumu waya. Na usome jina lake: aina iliyoandikwa E71T-GS imekusudiwa mshono wa pasi moja tu, kwa hiyo haiwezi kujaza chuma kinene hata ukitaka.

Anayetaka zaidi ya hapo hahitaji mashine nyingine kwanza. Anahitaji laini nyingine. Amwite fundi umeme mwenye leseni amvutie kutoka kwenye meni swichi waya wa shaba wa 6 mm², breka yake peke yake ya 32 A, ya aina ya C ili isishuke mashine inapoamka, na soketi ya bluu ya viwandani ya 32 A. Hesabu ile ile tuliyoifanya kwa 13 A sasa inatoa zaidi ya 180 A. Mashine ya 200 ikifungwa hapo inakuwa ya 200 kweli, na kikomo kinahama kutoka ukutani kwenda kwenye ile X ya kibaoni. Ya 250 bado itasumbua: ikiwa ni ya mafunda, inavuta karibu 50 A, na hata meni ya 63 A itabakiwa na kidogo cha kuwashia friji. Huyo anastahili umeme wa njia tatu, na mwenye karakana ya trela asijidanganye na kitu kingine.

Watu wengi huogopa laini hiyo wakidhani italeta bili. Mashine inayotoa 90 A hula kama uniti mbili kwa saa nzima ya moto usiokatika, na hakuna fundi anayewaka saa nzima. Kwa asilimia 20 ni chini ya nusu uniti. Umeme wenyewe ni mchache, ila unatakiwa wote kwa mara moja, na njia ndiyo inayokuwa nyembamba. Gharama ya kweli ni waya, breka na ufundi, na ukijumlisha vyote ni fedha unayoweza kuiokoa kwa kununua mashine ya namba ndogo yenye kibao cha kweli.

Kwa hiyo ukienda dukani, mwombe muuzaji aigeuze mashine akuonyeshe nyuma. Kama kibao hakina X, au kina X bila ampea za kuingia, irudishe rafuni hata ubavuni pawe na 300. Na ukishafika nayo nyumbani, kabla ya kazi ya mteja, chukua vipande viwili vya chuma cha unene ule ule, visimamishe kwa umbo la T, chomelea upande mmoja tu, bana kwenye jiliwa, kisha piga nyundo hadi kilale. Mshono ukipasuka katikati au chuma kikipinda, endelea. Ukibanduka na kuacha mistari ya grenda, hicho ndicho kikomo cha soketi yako.